Maji na Jina

Mtu huvaa nguo akazivua, hujenga nyumba akaihama, hupata mali ikampotea. Lakini jina alilopewa katika siku za kwanza za maisha yake hufuatana naye mpaka mwanandani. Hakulichagua wala hakuulizwa. Kwa sababu hiyo jina ni zawadi na deni kwa pamoja. Wengi huipokea zawadi wasilihisi deni. Mimi nililihisi deni kwanza, na zawadi nikaiona baadaye sana. Aliyenifunza kupambanua vitu viwili hivi hakuwa mzazi wala mwalimu, bali msichana ambaye hakupata kuishi duniani. Msichana wa hadithi, katika jangwa la kubuni, ndani ya kitabu kilichotungwa kwa ajili ya vijana.

Nilizaliwa mwaka 1978 katika kijiji kimoja cha Kondoa, muda mfupi baada ya kufariki kwa bibi yangu mzaa baba. Nikapewa jina lake, Mwanahawa. Hapana ajabu katika jambo hilo, kwa maana watu wengi hufufua majina ya wazee wao kwa wajukuu. Lakini katika nyumba yetu jina halikuja peke yake. Lilikuja na mwenyewe. Baba hakuniita mwanangu hata siku moja. Aliniita mama. Nilipoanza kutambaa alisema mama amerudi. Shangazi zangu waliniamkia shikamoo kwa mzaha, na mzaha unaorudiwa kila asubuhi mwisho wake huwa desturi. Nilikalishwa juu ya kigoda cha bibi. Nilipotimiza miaka sita nilikabidhiwa kisanduku chake, chenye ushanga, kanga mbili na ufunguo wa mlango uliokwisha kuliwa na mchwa zamani. Bibi hakula bamia. Basi nami sikupewa bamia. Bibi hakupenda kicheko cha sauti. Basi nilipocheka nilitazamwa. Palipokuwa na shauri la posa au la mpaka wa shamba, mtu mzima mmoja aliniinamia akaniuliza, "Bibi anasemaje?" Wote wakacheka, kisha wakanyamaza kidogo, kana kwamba wanangoja jibu.

Sisemi haya kwa kulalamika. Nilipendwa. Mtoto anayepewa jina la mtu aliyependwa huanza maisha na akiba ya mapenzi ambayo hakuitolea jasho. Walakini akiba ile haikuwa yangu. Nilikuwa kama mtunza ghala: funguo mkononi mwangu, nafaka ya mwingine.

Nchi yetu ni kavu. Mvua huja msimu mmoja, toka Desemba hata Aprili, na miezi iliyobaki mbingu hufungwa. Ardhi ya Kondoa ilikuwa imemomonyoka hata ikapasuka makorongo yenye kina kirefu, na mwaka 1979 Serikali iliamuru mifugo iondolewe katika sehemu zilizoharibika zaidi, ili majani yapate kuota tena. Mito mingi ya kwetu ni mito ya mchanga. Wakati wa kiangazi maji hayaonekani juu; yamejificha chini, na wanawake huyafuata kwa kuchimba. Huchimba kwa mikono na kwa kata, kisha hukaa wakingoja, na maji huja polepole kama mtu anayefikiri kabla ya kusema. Niliambiwa kuwa bibi yangu alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja: mgeni hupewa maji kabla ya kuulizwa jina lake. Nilikua nikiitii sheria hiyo kama nilivyozitii zote nyingine, bila kuuliza sababu.

Mwaka 1994 nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni ya wasichana. Lilikuja sanduku la vitabu vya msaada, na ndani yake kilikuwamo kitabu chembamba kisicho na jalada. Wenzangu walikiacha kwa sababu hakikuwa na picha ya kuvutia. Mimi nilikichukua kwa sababu kilikuwa chepesi kufichika chini ya mto. Kiingereza changu kilikuwa cha kukwamakwama. Nilisoma kwa kamusi na tochi, kurasa tatu usiku huu, nne usiku ule, na ilipofika kurasa ya kumi nilikuwa nimesahau usingizi.

Kitabu hicho ni The Tombs of Atuan, yaani Makaburi ya Atuan, cha Ursula K. Le Guin, mwandishi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1929 na kufariki mwaka 2018. Kilitokea kwanza katika gazeti la hadithi mwaka 1970, na mwaka 1971 kikachapishwa kuwa kitabu. Ni cha pili katika hadithi za Earthsea, dunia ya visiwa vingi vilivyotapakaa baharini. Lakini kitabu hiki cha pili karibu chote kiko mbali na bahari. Kinatupeleka katika kisiwa cha Atuan, ndani ya nyika kavu iliyozungukwa na milima, mahali ambapo wanawake na matowashi wanalinda mawe ya kale yaliyosimama juu ya kilima. Chini ya mawe hayo mna pango, na chini ya kilima mna mzingile mwambiji, njia zinazopindana gizani hata asiyezijua asiweze kutoka. Katika pango hilo hapana ruhusa ya kuwasha taa. Wenyewe wa giza hilo huitwa Wasio na Majina.

Anayewahudumia ni kuhani mmoja wa kike ambaye, kwa imani ya watu wale, hafi. Afapo, hutafutwa mtoto wa kike aliyezaliwa usiku ule ule, naye husemwa kuwa ndiye yeye amerudi. Katika hadithi, mtoto aliyepatikana alikuwa akiitwa Tenar. Alichukuliwa kwa wazazi wake akiwa na umri wa miaka mitano. Ikafanywa ibada, jina lake likatolewa kwa Wasio na Majina, na tangu siku hiyo akaitwa Arha, maana yake Aliyeliwa. Walimwonyesha vyumba vyake wakimwambia ni vyake tangu zamani. Walimfundisha nyimbo na njia za gizani wakimwambia kuwa hajifunzi, anakumbuka.

Nilipofika hapo nilizima tochi. Nililala macho nikiwaza kigoda, kisanduku na ufunguo wa mlango usiokuwapo. Sikupata kuona kwamba jambo lililonipata lilikuwa na jina, na jina lake lilikuwa hilo: kuliwa. Msomaji asinielewe vibaya. Baba yangu hakuwa kuhani mkatili, wala nyumba yetu haikuwa kaburi. Lakini kuliwa si lazima kuwe na meno. Mtu huweza kuliwa kwa upendo, kidogo kidogo, huku akipakatwa.

Baadaye, nilipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nilitafuta habari za mwandishi huyu, kwa maana nilitaka kujua mtu aliyekulia Marekani alilijuaje jangwa langu. Nikakuta kwamba jangwa la Atuan lilizaliwa na safari ya siku chache tu, ambayo yeye na watu wa nyumba yake waliifanya katika nyika kavu ya kusini-mashariki ya jimbo la Oregon. Alirudi na nchi nzima kichwani. Yeye mwenyewe alieleza hivyo. Nilifurahi kwa habari hiyo, kwa sababu inaonyesha kuwa jangwa si mchanga wa Sahara peke yake. Jangwa ni mahali popote ambapo uhai hupimwa kwa maji, na mtu akisimama hapo kwa macho yaliyo wazi, siku tatu humtosha kujifunza jambo ambalo wengine hawajifunzi kwa miaka.

Nikakuta na habari nyingine. Baba yake, Alfred Kroeber, alikuwa mtaalamu wa mila na lugha za wenyeji wa asili wa California. Mwaka 1911 mtu mmoja wa kabila la Yahi, wa mwisho katika watu wake, alitokea karibu na mji wa Oroville, naye akachukuliwa akakaa katika jumba la makumbusho la chuo kikuu, huko San Francisco, hata alipokufa kwa kifua kikuu mwaka 1916. Hakupata kulitaja jina lake. Kwa desturi ya kwao mtu hajitaji. Hutajwa na mwenziwe, na mwenziwe hakubaki hata mmoja. Kroeber alimwita Ishi, neno ambalo katika lugha yake maana yake ni mtu. Theodora Kroeber, mama yake Ursula, aliandika kitabu cha maisha ya Ishi kilichotolewa mwaka 1961. Sidai kuwa hadithi ya Atuan ilitoka hapo. Ursula mwenyewe alizaliwa miaka kumi na mitatu baada ya kifo cha Ishi. Nasema tu kwamba nyumba aliyokulia iliwahi kuingia khabari ya mtu aliyekufa na jina lake kifuani, kwa kukosa wa kumtaja. Katika Earthsea nako watu wengi wana jina la kweli ambalo hulificha, na humpa yule tu wanayemwamini kwa roho zao.

Sasa nirudi kwenye kiu, kwa kuwa ndiyo iliyoushika moyo wangu. Arha alipokuwa msichana mkubwa aliletewa wafungwa watatu wa kuuawa, naye akatakiwa achague namna ya kifo chao. Aliamuru wafe kwa njaa na kiu, wamefungwa minyororo gizani. Alisema maneno hayo kwa sauti ya kuhani, kama alivyofunzwa. Lakini usiku aliugua, na ndotoni akawa anabeba bakuli la maji gizani akimpelekea mtu mwenye kiu, asiweze kumfikia. Mimi naihesabu ndoto hiyo kuwa ndio mlango wa hadithi nzima. Kuhani alihukumu, lakini mtoto aliyeliwa alikuwa bado hai ndani yake, naye alibeba maji.

Kisha akaja mwizi. Siku moja Arha aliingia katika pango lake la giza akakuta nuru. Palikuwa na mwanamume ameshika fimbo inayong'aa ncha, naye alikuwa akitafuta nusu ya pete ya kale iliyopotea, ambayo nusu yake ya pili alikuwa nayo. Mtu huyo ni Ged, mjuzi wa sihiri, ambaye kitabu cha kwanza cha mwaka 1968 kilisimulia ujana wake. Ngozi yake ni ya kahawia iliyoiva, kama walivyo watu wengi wa visiwa vya kwao. Watu wa Atuan ndio weupe. Arha alikuwa amefunzwa kuwa watu weusi wa visiwa vile ni wachawi wasiomcha mungu, na kwamba wao wakifa hawarudi. Le Guin alipanga rangi hizo kwa kusudi, katika zama ambazo mashujaa wa hadithi za namna hii karibu wote walikuwa weupe. Mwaka 2004 hadithi ilipogeuzwa mchezo wa televisheni huko Marekani, Ged alichezwa na kijana mweupe, na mwandishi alipinga hadharani. Mimi nikiwa kitandani mwaka 1994 sikujua lolote katika haya. Nilijua tu kwamba katika kitabu cha Kiingereza nilichokiokota, aliyekuja na taa alifanana na kaka yangu.

Arha alimfungia mwizi ndani ya mzingile, akakaa juu akimchungulia kupitia matundu ya siri, akimwona anavyopotea, anavyochoka, anavyokauka. Sheria ilisema afe. Hapakuwa na la kufanya. Lilikuwa la kungoja tu. Naye hakuweza kungoja. Alimpa maji. Aliyekataza maji kwa watu watatu aliyatoa kwa mtu mmoja, na hakuna aliyemwamuru, wala hakuna kuhani aliyemtangulia ambaye alikumbukwa kufanya hivyo. Katika maisha yake yote ya kurudia yaliyofanywa na wengine, hilo lilikuwa tendo la kwanza lililokuwa lake.

Baadaye yule mfungwa alimpa malipo, na malipo yake yalikuwa neno moja. Alimwita Tenar. Alimrudishia jina ambalo mama yake alikuwa akimwita kwenye bustani ya matufaha. Angalia utaratibu wake, msomaji: maji kwanza, jina baadaye. Niliposoma hapo nililia, kwa sababu niliielewa sheria ya bibi yangu kwa mara ya kwanza. Mgeni asipewe maji kwa kuwa yeye ni fulani mwana wa fulani. Apewe kwa kuwa ana kiu. Kiu ndiyo hali yake yeye. Jina ni habari ya watu wake. Na mimi, mjukuu wa mwanamke aliyetunga sheria hiyo, niliulizwa jina kabla sijaonja tone.

Kama kitabu kingeishia hapo kingekuwa hadithi njema ya kufariji, nami ningekisahau. Hakikuishia hapo. Tenar na Ged walipokuwa wakitoka, Manan aliwazuia. Manan ni towashi aliyemlea Tenar tangu utoto, mtu mzito, mwenye sura isiyopendeza na moyo wa mbwa mwaminifu. Hakuwa mwovu. Alimpenda msichana yule kuliko mtu mwingine yeyote katika jangwa lile, na alitaka kumlinda kwa njia pekee aliyoijua, yaani kumbakiza. Alimrukia Ged, akaanguka shimoni, akafa. Kisha kilima kikatetemeka na mawe ya kale yakaanguka. Tenar alitoka kwenye mwanga wa jua, lakini aliyempenda alibaki chini.

Hata nje hakushangilia. Walipofika pwani alishika kisu akakusudia kumuua yule aliyemtoa. Aliomba aachwe peke yake katika kisiwa kisicho na watu, apate adhabu ya wale watatu aliowaua kwa kiu. Alilia kwa sababu alikuwa huru, na uhuru ulimlemea kama mzigo kwa mtu ambaye hajapata kubeba chake. Waandishi wengi huandika juu ya uhuru kana kwamba ni kikombe cha maji baridi. Le Guin aliandika kwamba ni safari ndefu ya miguu, na kwamba anayeianza huiacha nyumba ambamo ndani yake yumo mtu anayelia.

Mwaka 1996 nilichaguliwa kuingia kidato cha tano katika shule ya mkoa mwingine, mwendo wa siku mbili. Ilikuwa kiangazi. Nilimfuata baba mtoni, alikokuwa akichimba kisima cha mchanga kwa ajili ya mbuzi, nikampa barua. Aliisoma, akaikunja, akaendelea kuchimba. Baada ya muda mrefu alisema, "Mama haondoki nyumbani mara mbili."

Nilijua maana yake. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka ule alipomzika. Nikasema, kwa sauti ambayo sikujua ninayo, "Baba, mimi sijaondoka hata mara moja."

Hakunijibu. Alikaa kando ya shimo, nami nikakaa ng'ambo, tukingoja maji. Yalipokuja alichota kwa kata, akanipa nikanywa, kisha akachota mengine akanywa yeye. Kwa mara ya kwanza nilimwona kuwa ni mtoto aliyefiwa na mama yake, akatafuta mahali pa kumweka, asipate mahali ila juu ya kichwa changu. Nikiliondoa jina lile pale alipoliweka, ni kama kumzika mama yake mara ya pili kwa mkono wangu. Nilimkumbuka Manan. Karibu niseme, basi, sitakwenda. Sikusema.

Siku ya safari alinisindikiza mpaka kituo cha basi. Barabara ilikuwa bado ya vumbi, na basi lilionekana toka mbali kama moshi. Alipandisha sanduku langu juu, akarudi akasimama chini ya dirisha. Hakuniita mama. Alisema, "Mwanahawa." Hilo tu. Sikupata kulisikia jina hilo kinywani mwake kabla ya siku ile, na mpaka leo sijui alikuwa akimuaga nani, mimi au yeye.

Tangu hapo barua zake zote zilianza na maneno haya: Mwanangu Mwanahawa. Nilipata nililoliomba. Na nikiwa mkweli, kwa kuwa insha isiyo na ukweli ni karatasi iliyochafuliwa, zipo jioni nyingi katika bweni lile la ugenini ambazo ningelitoa chochote nisikie mtu ananiita mama. Kigoda kilikuwa cha mwingine, lakini kilikuwa kigoda. Sasa nilikuwa nimesimama, na miguu iliuma.

Baba alifariki mwaka 2011. Katika matanga nilikaa karibu na shangazi yangu mkubwa, ambaye kwa uzee alikuwa amefikia kusema kila linalomjia. Kililetwa chakula, na bakuli moja lilikuwa na bamia. Mtu akaliondoa mbele yangu kwa mazoea. Shangazi akatikisa kichwa akasema, "Mama yetu alizipenda sana bamia, maskini." Nilimwambia kuwa nimeambiwa siku zote hakuzila. Akasema ni kweli hakuzila, kwa sababu somo wake, aliyempa jina, hakuzila. Alikatazwa tangu utoto. Lakini alipozipika kwa ajili ya wengine, alikuwa akiinama juu ya chungu akivuta harufu.

Nilikaa na maneno hayo usiku kucha. Miaka thelathini na mitatu nilimdhania bibi kuwa ndiye mwenye ghala, kumbe naye alikuwa mtunza funguo. Nyuma yake alikuwako mwingine, na nyuma ya huyo labda mwingine, wote wakilinda kutokula kwa mtu ambaye hapana anayemkumbuka. Hapo nilifahamu maana ya Wasio na Majina kuliko nilivyofahamu nikiwa na kitabu mkononi. Si mizimu ya mawe. Ni matakwa yasiyo na mwenyewe, ambayo kila mtu huyatii akidhani yapo kwa ajili ya fulani. Na sheria ya maji? Nilimwuliza shangazi kama nayo ilitoka kwa somo. Akasema, "Hapana. Hiyo ilikuwa yake mwenyewe. Mumewe alimgombeza kwayo, na hakuiacha." Basi bibi yangu naye alikuwa na tendo lake moja, na lilikuwa maji.

Katika mwaka 1990 Le Guin alimrudia Tenar katika kitabu cha nne, Tehanu. Wasomaji wengine walitazamia kumkuta malkia au bingwa wa sihiri. Walimkuta mjane wa mkulima, mama wa watoto wawili waliokwisha kukua, anayelea mtoto wa watu aliyeunguzwa kwa moto. Yule aliyeitwa kuhani wa milele alichagua jembe, ndoo na jiko. Wako wanaoliona jambo hilo kuwa ni kushuka. Mimi siioni hivyo. Kuteka maji kwa sababu umeteuliwa kuteka, na kuteka kwa sababu umeamua, ni kazi moja kwa mkono, si kazi moja kwa nafsi. Mtu aliye huru huweza kurudi katika mambo yale yale, na asiwe amerudi nyuma.

Nayaandika haya kwa sababu mwaka jana kaka yangu alinipigia simu. Mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kike, wa kwanza baada ya wavulana watatu. Alitaka kumwita Mwanahawa, na kwa kuwa jina liko kwangu, aliniomba ruhusa. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye furaha, lakini chini ya furaha nilisikia kitu nilichokijua. Baba alikuwa hayupo, nyumba ilikuwa imepungukiwa, naye alitaka mtu arudi.

Nilimwomba siku tatu. Nilikitoa kitabu rafuni, si kile kisicho na jalada, kwa maana hicho kilibaki shuleni, bali kingine nilichonunua ukubwani, sikukifungua. Nilifikiri kukataa. Nilijiambia kuwa mnyororo hukatwa kwa kukata pete moja, na pete hiyo ni mimi. Lakini Tenar hakulitupa jina lake, alilirudishiwa. Ubaya haukuwa katika jina. Mama aliyempa mtoto wake jina la Tenar hakumdhuru; waliomdhuru ni wale waliomwambia, wewe si wewe. Jina la marehemu ni taa inayoweza kupokezanwa. Kosa ni kumwambia aliyeipokea kuwa yeye ni utambi.

Siku ya tatu nilimwambia kaka kuwa nimekubali, kwa masharti. Mtoto asiitwe mama, wala bibi, hata kwa mzaha. Apewe bamia mapema, na akizikataa azikatae mwenyewe. Kisanduku kibaki kwangu mpaka atakapokuwa na akili ya kuuliza mna nini ndani. Kaka alicheka kwa ajili ya bamia. Kisha akanyamaza kwa muda, akasema, "Dada, wewe uliumia?" Katika miaka yetu yote hakuna aliyeniuliza hivyo. Nikamjibu kwamba nilipendwa sana, na kwamba ndiyo, niliumia.

Siku ya saba nilikuwa Kondoa. Wazee walikuwa wameketi, mbuzi wa akika amekwisha kufungwa kando, na mzee mmoja amejiandaa kulitaja jina. Nikapewa mtoto nimpakate, naye akaanza kulia kwa nguvu zote, kilio kikavu cha njaa. Mzee alisema tuharakishe, jina lisomwe, kisha atanyamazishwa. Mimi ni mwanamke niliyekwenda shule, na katika kikao kama kile si desturi niseme, lakini nilisema. Nilisema huyu ni mgeni, ametoka mbali, na katika nyumba hii mgeni hunyweshwa kwanza.

Shangazi mkubwa, kutoka pembeni, akaitikia, "Ni kweli. Hiyo ni sheria."

Nikampa wifi yangu mtoto. Akanyonya, nasi sote, pamoja na wazee, tukakaa kimya tukimngoja.